Punje za Hasifa

Zamani mtu akivunjika mfupa aliletwa kwangu Bugembe amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, ukoo mzima ukimfuata na sufuria za kupikia. Siku hizi mfupa unakatwa makusudi na wasomi wa Mbale, kwenye mguu wa mbuzi mwenye afya yake, kisha watu wanakaa na daftari kungoja ujijaze wenyewe.

Ninataka kuandika habari za mpwa wangu Hasifa, ambaye ni mmoja wa hao wenye daftari. Ningependa kumwandika bila kujitaja, ila haiwezekani. Katika kazi yake nzima niliingia mara moja tu, na mara hiyo niliharibu.

Mimi ni Siraj, muunga mifupa. Shule niliiacha darasa la tatu. Kusoma nilijifunza kambini Jinja, nilikokuwa mbeba machela, kwa kitabu cha huduma ya kwanza kilichokuwa kimepoteza jalada pamoja na sura yote ya kichwa. Ndiyo maana hadi leo naujua mwili wa binadamu kuanzia shingo kwenda chini. Kiswahili nacho nilikipata hukohuko, na majirani bado wananiita afande, wachache kwa heshima na wengi kwa kunicheka, ingawa sikuwahi kushika bunduki. Nilishika miguu ya waliopigwa kwa bunduki.

Hasifa ni mtoto wa dada yangu Rashidah. Alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya baba yake kufariki, akakaa miaka minne. Alichemsha maji, akachonga vibanzi, akaloweka magome ya kufungia. Mgonjwa alipopiga kelele, yeye ndiye aliyemshika kichwa na kumwuliza habari za ng'ombe wake ili ausahau mguu. Nilimfundisha kupapasa mfupa kwa vidole viwili, macho yamefumbwa, kutoka chini kwenda juu. Nilimfundisha pia sheria ya nyumba yangu: mgonjwa anayedanganya jinsi alivyoanguka anarudishwa na mlango wake, kwa kuwa mfupa hauungwi juu ya uongo. Baada ya mwaka mmoja vidole vyake vilikuwa vinauona ufa kabla ya vyangu. Hilo sikumwambia.

Siku moja, baraza limejaa watu, aliniuliza, "Mjomba, mfupa unajuaje kwamba unatakiwa kuwa mfupa? Kwa nini pale palipovunjika pasiote nyama tu?"

"Unajua kwa sababu nimeuambia."

"Na ukishaondoka, unakumbuka ulichouambia?"

Wagonjwa walicheka. Mimi nilimtuma maji. Katika maisha yangu nimeulizwa swali moja tu la maana, na aliyeuliza nikamtuma maji.

Mwaka uliofuata alikwenda Mbale kusomea kazi ya maabara. Alipata cheti, akaosha chupa za watu kwa miaka mitatu. Kisha Daktari Ignatius, bwana mmoja mwembamba anayeunga mifupa kwa vyuma, akaiona mikono yake ikifanya kazi na akamtoa kwenye sinki.

Mimi huku nyuma nilibaki na baraza langu. Niliposikia pikipiki zinaongezeka kwenye barabara ya Iganga, Mungu anisamehe, nilidhani riziki yangu imerudi. Watu walianguka kweli, kila siku, lakini walinipita mlangoni wakikimbizwa hospitali. Mgonjwa wangu wa mwisho alikuwa Ooko, dereva wa lori kutoka Kisumu, mwenye kifundo cha mkono kilichoteguka. Nilifumba macho, nikapapasa, nikamweleza kila kitu.

"Sawa, mzee," akasema. "Picha iko wapi?"

"Picha iko kwenye vidole vyangu."

"Basi nitumie kwa simu."

Wiki hiyohiyo nilifunga baraza na kwenda Mbale kumtembelea Hasifa, kwa wiki moja. Nilikaa miezi mitano.

Alikuwa amepanga vyumba viwili mtaa wa Nkoma. Kila asubuhi alipanda boda boda kwenda maabara, nami nikapanda nyingine nyuma yake, bila kualikwa, nimevaa koti. Siku ya kwanza alinionyesha kazi yake. Ndani ya kikombe cha kioo kulikuwa na punje nyeupe, ndogo kuliko mtama, zimezama kwenye jeli inayotetemeka.

"Hizi ndizo?" nikasema. "Nimeacha kazi yangu nije kuona mayai ya chura?"

"Kazi gani, Mjomba?" Hakuinua hata macho.

Kisha akanieleza, polepole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wakwe wa wagonjwa. Ndani ya uboho wa mfupa kuna seli ambazo bado hazijachagua kazi. Zinaitwa seli shina. Zinaweza kuwa mfupa, zinaweza kuwa gegedu, zinaweza kuwa mafuta. Zinangoja kuambiwa.

"Kama vibarua wanaosubiri langoni kwenye kiwanda cha sukari," nikasema.

"Hasa! Sasa msimamizi akitoka asubuhi akapiga kelele za mwaka mzima siku moja, wote wanaingia kwa fujo, wanajenga ukuta hata barabarani. Akinong'ona mara moja akaondoka, wanarudi kulala, na kwenye pengo panaota kovu. Punje yangu inasema kidogo leo, kidogo kesho, kwa wiki sita. Dawa ya ganda la nje inaziita seli zije. Ya ndani inaziambia ziwe mfupa."

"Na nani anaizuia punje isiseme yote siku moja?"

"Mafuta magumu niliyoipaka. Joto la mbuzi ni thelathini na tisa na kidogo. Kwa joto hilo ganda linalainika taratibu. Likizidi sana, au ukiliponda, yote yanamwagika."

Haya aliniambia mimi mwenyewe, kwa Kiswahili safi, nikiwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Siwezi kusingizia kwamba sikujua. Nilichokuwa nikifanya wakati huo ni kutafuta jibu la ile habari ya "kazi gani".

Walikuwa na mbuzi sita. Kila mmoja alidungwa dawa ya usingizi, akakatwa kipande cha mfupa wa muundi, akawekewa bamba la chuma la kuushikilia mguu, na kwenye pengo wakajaza jeli yenye punje za Hasifa. Wiki ya kumi na mbili wangepigwa picha. Daktari Ignatius alimwambia mbele yangu, bila kuzunguka: punje zikifanya kazi, jina lake litapelekwa chuo kikuu akasome shahada kamili, gharama zote juu ya wafadhili; zikimwaga dawa ovyo, mradi utafungwa naye atarudi kwenye sinki. Hasifa alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alijua kwamba nafasi kama ile haiji mara mbili kwa mtu mwenye cheti.

Mchunga mbuzi alikuwa Mafabi, Mgisu wa makamo mwenye viatu vya mpira, anayeongea Kiswahili kana kwamba anapasua kuni. Mbuzi walikuwa na namba, lakini yeye aliwapa majina. Namba tatu aliitwa Tyson, kwa sababu alimpiga kichwa kila aliyeinama.

Tyson ndiye aliyeniponza. Ilikuwa wiki ya tatu. Wenzake walikuwa wameanza kukanyaga, yeye aliubeba mguu wake juu kama bibi harusi anayeogopa tope. Nilimwangalia siku nne. Mikono iliniwasha. Siku ya Ijumaa Hasifa na Daktari walikwenda Kampala kuwaona wafadhili, na Mafabi akafiwa na shemeji.

"Afande, mi naenda kuzika," akaniambia. "Maji iko, majani iko. We kaa tu. Usiguse kitu."

"Mimi niguse mbuzi? Mimi nimeunga madiwani!"

"Nasema tu. Hii Tyson iko na kichwa mubaya."

Alipopita geti tu, nilikuwa nimeshabandika maji jikoni kwa walinzi. Mfukoni mwa koti nilikuwa na chupa ya mafuta yangu, ufuta na karafuu na pilipili kidogo, ambayo sijawahi kusafiri bila hiyo. Nilimfunga Tyson pembe kwenye nguzo, nikaifungua bendeji, nikaloweka kitambaa kwenye maji ya moto nikamkanda. Nikapaka mafuta. Nikaminya na kidole gumba juu ya lile pengo, kutoka chini kwenda juu. Nikakanda tena. Kwangu Bugembe mgonjwa alikandwa mara moja kwa siku, na wakilalamika niliwauliza haraka ya nini. Siku ile nilikanda mara saba ndani ya saa moja, kwa sababu Mafabi angerudi.

Nilipomfungua, Tyson akaweka mguu chini. Akasimama kwa miguu minne. Machozi yalinitoka, nakiri. Nilimfunga bendeji vizuri kuliko walivyomfunga wao, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikipanga maneno nitakayowaambia wasomi watakaponiuliza siri yangu.

Jumapili mguu wa Tyson ulikuwa umevimba kama mhogo.

Sikusema. Nilijiambia uvimbe utashuka. Jumatatu Daktari Ignatius alichomeka sindano, akavuta maji ya kwenye uvimbe, akaenda nayo ndani. Alipotoka uso ulikuwa umebadilika. Dawa yote iliyobaki ilikuwa imemwagika kwa pamoja.

"Hasifa, punje za namba tatu ulizitengeneza lini?"

Niliona rangi ikimtoka. Kila mbuzi alikuwa na chungu chake cha punje, na chungu cha namba tatu kilitengenezwa siku ambayo umeme ulikatika katikati ya kazi.

"Umeme ulirudi baada ya dakika kumi, Daktari. Nilipima, nikaendelea." Akatazama mikono yake. "Labda sikupima vizuri."

"Kama ganda la punje za chungu kimoja halikushika, tutaaminije vile vingine vitano?"

"Ni mimi," akasema. "Ni mikono yangu."

Usiku ule na uliofuata hakula. Alikaa mezani na kalamu akiandika barua ya kukubali kosa, anaichana, anaanza upya. Alikuwa amenipikia malewa, machipukizi makavu ya mianzi, kwa karanga, chakula cha Wagisu ambacho mwanzoni nilikiita kuni zilizochemshwa. Nilikula sahani yangu, kisha nikala na yake. Aibu haijawahi kunizuia kula.

Jumatano walikuwa wanabadilisha bendeji. Daktari ameshika ubao wenye fomu, Mafabi ameshika pembe, mimi nimeegemea waya kwa nje nikiomba dunia inisahau. Hasifa akapiga magoti, akafungua mizunguko ya mwisho, akasita. Akainama. Akanusa.

Miaka minne alilala kwenye chumba kilichonuka karafuu na ufuta. Hakuhitaji maabara.

Aligeuka akanitazama.

"Kuna nini?" akauliza Daktari.

"Hakuna, Daktari."

"Basi tia sahihi hapa, kwamba kosa ni la utengenezaji. Pole sana, Hasifa. Nitajitahidi kukuombea, lakini siahidi."

Akachukua kalamu. Aliandika herufi ya kwanza ya jina lake, kisha ya pili. Nilimwona akiandika polepole kuliko nilivyowahi kumwona. Kama angetaka kunisema angekwisha kusema. Alikuwa akinipa nafasi, nami nilikuwa nimesimama palepale, mzee mzima wa miaka sabini na nane, nikihesabu mashimo ya waya.

"Daktari," nikasema, "andika jina langu."

"Kwa nini, Mzee?"

"Nilimkanda."

"Ulimkanda nani?"

"Tyson. Ijumaa. Kwa maji ya moto. Na nilimminya."

Mafabi aliachia pembe moja. "Afande! Mi nasema usiguse!"

Nilitegemea Daktari atanitukana. Ningefurahi. Badala yake alifungua ukurasa mpya, akabonyeza kalamu.

"Mara ngapi?"

"Saba."

"Kwa muda gani?"

"Saa moja, kasoro kidogo."

"Maji yalikuwa na joto kiasi gani?"

"Ya kuvumilika na kiwiko."

"Kiwiko cha nani?"

"Changu."

"Mzee, kiwiko hicho kilistaafu siku nyingi."

Mafabi alicheka hadi Tyson akampiga kichwa. Wakaleta beseni, wakachanganya maji ya moto na baridi, nikaambiwa nizamishe kiwiko niseme "hapa" yatakapofanana na ya Ijumaa. Nilisema hapa. Daktari akatumbukiza kipimajoto. Arubaini na tisa. Kisha akamtuma Hasifa alete punje zilizobaki za chungu cha namba tatu. Nyingine waliziweka kwenye maji yenye joto la mbuzi, nyingine kwenye beseni langu. Za kwanza zilikaa vilevile, nyeupe, ngumu, mchana kutwa. Zangu ziliyeyuka kabla sijamaliza kukausha mkono.

Daktari Ignatius alichukua ile fomu yenye herufi mbili za jina la Hasifa, akaipasua.

Hasifa alinifuata nje hadi kwenye bomba la maji.

"Kwa nini hukusema Jumapili?"

"Nilitaka mguu upone kwanza."

"Mgonjwa akikudanganya jinsi alivyoanguka ulikuwa unamfukuza, Mjomba. Nilikuona ukimfukuza mtu mfupa umetoka nje."

"Basi nifukuze."

"Nimeshakufukuza. Usiingie tena kule ndani ya waya." Akajifuta macho kwa ukingo wa mtandio. "Lakini njoo ule kwanza. Leo na mimi nina njaa."

Nilikaa nje ya waya kwa wiki tisa zilizobaki. Wiki ya kumi na mbili picha zilipigwa. Mbuzi wanne mapengo yao yalikuwa yamefungika, wa tano alikuwa amefika robo tatu. Kwenye picha ya Tyson pengo lilikuwa bado wazi na tupu, lakini pembeni, katikati ya msuli, mahali ambapo hakuna mfupa wa kiumbe yeyote, kulikuwa na kipande cha mfupa chenye ukubwa wa karanga. Vibarua walikuwa wamejenga barabarani.

Kwenye ripoti kuna mstari mmoja chini kabisa, nimeunakili: "Mbuzi namba tatu ameondolewa kwenye hesabu kwa kuingiliwa na mtu asiyehusika." Nimeunga mifupa kwa miaka hamsini, na hayo ndiyo maandishi pekee ya kisayansi yanayonihusu.

Wale watano walichinjwa ili mifupa yao ikatwe na kutazamwa vizuri. Hakuna aliyeruhusiwa kula nyama, kwa ajili ya zile dawa, na Mafabi alilalamika siku tatu. Daktari alipomfikia Tyson, Hasifa alisimama mbele yake.

"Huyu hayumo kwenye hesabu, Daktari."

"Anakufaa nini?"

"Nataka kuona itakavyokuwa."

Jina lake lilikwenda chuo kikuu, na likakubaliwa. Ni Nairobi, miaka minne. Dada yangu Rashidah alipiga vigelegele kwenye simu hadi nikaiweka mbali na sikio. Kisha akaniuliza, "Na wewe ulimsaidia nini?" Nikamwambia mtandao unakatika.

Mara ya mwisho nilipowaona Hasifa na Tyson ilikuwa asubuhi ya siku ambayo Hasifa alisafiri. Nilikuwa na mkoba wangu tayari wa kurudi Bugembe, na Mafabi alikuwa akingoja na kamba, amchukue Tyson akakae naye kwao mlimani. Hasifa alikuwa amechuchumaa ndani ya boma, mguu wa mbuzi juu ya paja lake. Kulikuwa na mashine ya picha hatua thelathini kutoka hapo. Yeye alikuwa amefumba macho, anapapasa kwa vidole viwili, kutoka chini kwenda juu.

Nilishika waya.

"Usiingie, Mjomba."

"Siingii. Unaona nini?"

"Karanga yako ipo." Vidole vikapanda kidogo, vikasimama. "Na hapa kwenye pengo pamekuwa pagumu. Si sana. Kidogo."

Tyson alinijua kwa harufu. Alijinasua, akaja mbio kwa miguu minne, mmoja ukichechemea, akaupiga waya kwa kichwa pale nilipokuwa nimeweka mkono.